Pengo la Wembe na Jiwe la Kwanza

Leo tuzungumze juu ya chuma chembamba ambacho binadamu hujipitisha shingoni kwa hiari yake: wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, unaojifungia ndani ya mpini wake wa pembe, wa mbao au wa plastiki. Nataka hasa tuuzungumzie wembe huo ukishapata pengo.

Pengo lenyewe mara nyingi ni dogo mno. Nusu milimita, pengine chini ya hapo. Ukiutazama wembe kwa haraka hulioni. Lakini upitishe shavuni na utalijua papo hapo, kwa sababu unywele unaoangukia kwenye pengo haukatwi, unavutwa. Ngozi inawaka, mtu anarudia pale pale, anakandamiza, anajikata. Kesho yake wembe unarudishwa sandukuni kwa hukumu kwamba umekufa.

Mimi nasema haujafa. Wembe wenye pengo unatengenezeka, na karibu kazi yote ya kuutengeneza iko kwenye jiwe la kwanza, lile la chembe kubwa, ambalo watu wengi hawapendi kukaa nalo. Nyembe nyingi zinazoitwa mbovu nimeona ni nyembe zilizoondolewa kwenye jiwe hilo mapema.

Tuanze na chuma chenyewe. Ukiokota wembe wa aina hii katika vitu vya wazee, kuna uwezekano mkubwa utakuta karibu na kishikizo chake jina la mji mmoja kati ya miwili: Sheffield ya Uingereza au Solingen ya Ujerumani. Karibu na Sheffield, katika miaka ya 1740, mtengeneza saa aliyeitwa Benjamin Huntsman alikuwa anatafuta chuma bora cha springi za saa zake. Akafanikiwa kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, katika moto mkali, mpaka kikawa maji. Chuma kilichoyeyushwa hivyo kilitoka na uwiano mmoja mwili mzima, hakina sehemu ngumu hapa na laini pale, na wembe ni kifaa kinachohitaji uwiano huo kuliko kingine chochote. Nyembe za kale za Sheffield zilikuwa nene na nzito, mfano wa kabari. Baadaye, katika karne ya 19, mafundi wa Solingen wakabobea katika kuchimba mbavu za wembe kwa magurudumu madogo, pande zote mbili, mpaka karibu na makali chuma kikawa chembamba kiasi cha kulia ukikigusa kwa ukucha. Tangu 1938 jina la Solingen linalindwa na sheria ya Ujerumani, hata mtu asiweze kuligonga kwenye kisu au wembe wa mahali pengine. Na kwa wanaopenda kujua umri wa vitu: wembe wa Solingen ulioandikwa neno Germany kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa baada ya 1891, wakati Marekani ilipoanza kudai kila bidhaa inayoingia kwake iandikwe nchi ilikotoka.

Umbo la wembe ndilo linalotuokoa katika matengenezo, kwa hiyo tulielewe. Wembe una mgongo mnene na tumbo linaloteremka mpaka makali. Unaponoa, unaulaza bapa, mgongo na makali vikiligusa jiwe kwa pamoja. Mgongo ndio unaoshika pembe. Mkono hauna haja ya kukisia kama kwenye kisu. Chukua wembe wa upana wa thumni tano za inchi, yaani karibu milimita 16, wenye mgongo wa milimita 5. Makali yake yatakuwa na nyuzi 18 hivi, wakati kisu cha kawaida cha jikoni huwa kati ya 30 na 40. Sasa tuseme pengo limekulazimisha kuondoa milimita nzima ya upana wake. Pembe itaongezeka kwa nyuzi moja na kidogo tu. Uso hautahisi tofauti. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba pengo la kawaida haliuui wembe.

Mapengo yanatoka wapi? Mengi yanatokea bafuni, wembe ukigonga bomba au ukingo wa sinki. Mengine yanatokea wakati wa kuufunga, mkono ukienda upande na makali yakakwaruza mpini kwa ndani. Mkanda wa ngozi wa kunolea nao unaharibu ukilegea, au mtu akigeuza wembe juu yake kwa kupitia makali badala ya mgongo. Na kwetu huku pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, adui mkubwa ni kutu. Nyembe hizi nyingi ni za chuma cha kaboni, hazina kinga ya chuma kisichoshika kutu, na hewa yetu ina unyevu na chumvi. Wembe uliofungwa mbichi jioni, ukaachwa siku kadhaa, utaufungua ukute vinukta vyeusi kando ya makali. Ukivitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kwamba hivyo si madoa, ni visima. Makali yakifika kwenye kisima, yanamomonyoka.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi wataishangaa: nywele zenyewe. Mwaka 2020 Gianluca Roscioli na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science utafiti uliotazama nyembe chini ya hadubini ya elektroni wakati zikikata nywele. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa kiasi cha mara 50, hata hivyo waliona chuma ndicho kilichomeguka. Unywele unapopinda ukakutana na makali kwa mshazari, kisha ukaangukia mahali ambapo chuma kigumu kinapakana na kilicho laini kidogo, nguvu yote inajikusanya pale pale na kipande kidogo kinang'oka. Kwa hiyo ule uwiano aliouhangaikia Huntsman karibu miaka 300 iliyopita bado ndio swali la wataalamu wa chuma leo. Na kwa mnyoaji maana yake ni hii: kulainisha ndevu vizuri kwa maji ya moto na sabuni kunalinda wembe pamoja na ngozi.

Haya, wembe umepata pengo. Kabla ya kulowesha jiwe lolote, tafuta ufa. Futa makali kwa spiriti, kausha, kaa karibu na taa yenye mwanga mkali, shika kioo cha kukuzia cha mara kumi. Kama wembe ni ule mwembamba wa kuchimbwa mbavu, uegemeze makali juu ya ukucha wa dole gumba, kwa uzito mdogo kabisa, uusogeze taratibu. Utaona chuma kinapinda kidogo na kurudi. Kwenye ufa, mstari mweusi unafunguka na kujifunga, ukianzia makalini kuelekea mgongoni. Ukiuona, weka chini. Tumezoea kuambiana tuzibe ufa mapema tusije tukajenga ukuta, lakini ufa wa wembe hauzibiki, wala haufuatwi mpaka mwisho wake kwa jiwe, maana unazidi kukimbia mbele kadiri chuma kinavyofanyiwa kazi. Siku moja kipande kitatoka shingoni mwa mtu. Wembe wenye ufa wa kupanda tumboni si wa kunyolea tena, hata ukiwa wa babu, hata ukiwa na mpini wa pembe za ndovu.

Jambo la pili la kabla ni la kukataa. Mitaani kwetu wapo mafundi wanaopita na baiskeli zilizofungwa gurudumu la kunolea. Nawaheshimu, maana wameokoa visu, mapanga na mikasi isiyo na idadi. Lakini wembe usiwapelekee. Gurudumu kavu linazalisha joto, na makali ya wembe ni membamba kiasi kwamba joto halina pa kukimbilia. Chuma hiki kilipata ugumu wake kiwandani kwa kuchomwa na kuzimwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa joto la nyuzi 200 hivi ili kisiwe cha kuvunjika ovyo. Ukikivusha joto hilo, ugumu unashuka. Kwanza kinageuka rangi ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, na kwenye nyuzi 300 hivi kinakuwa buluu. Buluu ikishaonekana kwenye makali, ugumu umekwenda, na hakuna jiwe litakalourudisha.

Sasa tuje kwenye jiwe la kwanza. Tumia jiwe la maji namba 1000. Kwanza lenyewe liwe sawasawa, kwa sababu jiwe lililobonyea katikati litauchonga wembe kwa umbo lake. Lichore mistari ya penseli uso mzima, ulisugue juu ya msasa wa maji uliotandazwa kwenye kioo kinene, mpaka penseli iondoke kila mahali kwa pamoja. Ikibaki katikati, pale pana shimo, endelea. Kisha funga mgongo wa wembe kwa utepe wa gundi wa mafundi umeme, tabaka moja, usilike bure, kwa kuwa kazi iliyo mbele ni ndefu. Na chukua kalamu ya wino mzito, upake wino kando ya makali pande zote mbili. Kila utakapopitisha wembe, wino utakuonyesha jiwe limegusa wapi.

Njia za kuliondoa pengo ni mbili. Kama ni kubwa, mafundi wengi huusimamisha wembe wima na kuyapitisha makali juu ya jiwe kama wanaokata mkate, taratibu, mpaka makali yote yashuke na kufika chini ya pengo. Wembe unakuwa butu kabisa, una kibapa badala ya makali, na mwenye wembe akikuona wakati huo anaweza kukushtaki. Faida yake ni kwamba pengo linaisha mara moja na mstari wa makali unanyooka. Njia ya pili ni kunoa pande mbili kwa kawaida, upande huu na ule, mpaka makali yateremke yenyewe hadi kwenye pengo. Kwa pengo la chini ya nusu milimita, mimi nachagua hii ya pili. Inachukua muda zaidi, lakini wakati wote unajua ulipo.

Katika njia yoyote, kitu kimoja hakisameheki: kunoa pale penye pengo peke yake. Inavutia, kwa sababu ndipo penye ugonjwa. Lakini ukifanya hivyo unachimba bonde katikati ya makali, na wembe wenye bonde hautagusa jiwe wala mkanda wala shavu sawasawa mpaka mtu aje aushushe wote upya. Pengo la milimita moja kwenye ncha linakugharimu milimita moja kutoka ncha mpaka kisigino, upande wa mpini. Hiyo ndiyo bei yake, na hailipwi nusu.

Mkono uwe mwepesi. Chuma kilichochimbwa mbavu kinapinda ukikikandamiza, makali yananyanyuka juu ya jiwe, na wewe unadhani unanoa kumbe unasugua nyuma tu. Tazama maji. Wembe ukilala vizuri na mteremko wa makali ukikaa barabara juu ya jiwe, maji yaliyo mbele ya makali yanapanda juu ya ubapa kwa mstari mmoja ulionyooka, kuanzia kisigino mpaka ncha. Yakipanda mahali na mahali yakapita chini, pale yanapopita chini makali bado hayajaligusa jiwe. Hili ni jambo dogo la kutazama, nami nalipenda kuliko vipimo vyote, kwa kuwa jiwe lenyewe ndilo linalosema.

Kisha kuna mwanga. Inua wembe, makali yatazame juu kuelekea taa, uuyumbishe kidogo. Makali yaliyokutana hayarudishi mwanga. Ni membamba mno. Panapong'aa pana ubapa, na ubapa maana yake pande mbili hazijakutana, au pengo bado lipo. Mwanzoni utaona mwezi mchanga unaong'aa mahali pa pengo. Baada ya muda unapungua, unakuwa nukta. Halafu nukta inakuwa kitu ambacho huna hakika kama umekiona.

Hapo ndipo watu wengi wanapohama. Wamechoka, mikono imelowa, maji ya jiwe yamekuwa meusi, na wanajua kwamba mawe ya juu ndiyo yanayong'arisha. Wanaamini ile nukta iliyobaki itamalizwa huko mbele. Haitamalizwa. Jiwe namba 1000 lina chembe za mikroni 14 au 15, yaani za kukwangua chuma kweli. Jiwe namba 8000, kutegemea mtengenezaji, lina chembe za mikroni moja mpaka tatu. Kazi yake ni kufuta mikwaruzo, na chuma linachoondoa ni kidogo kiasi kwamba pengo utakalolipeleka kwake utalikuta kesho, limezungukwa na chuma kinachong'aa vizuri. Wembe wa namna hii ndio unaodanganya zaidi: unapendeza machoni, unakata nywele za mkononi, na shavuni unavuta.

Kwa hiyo usihame mpaka mambo matatu yakubaliane. Kioo cha kukuzia kisione pengo. Mwanga usirudi mahali popote. Na nywele za mkononi zikatike karibu na ngozi kwa urefu wote wa wembe, kisigino, katikati na ncha, bila kuhitaji nguvu. Kama kisigino kinakata na ncha haikati, kazi haijaisha. Na kama palikuwa na visima vya kutu, subiri uone: wakati mwingine unafika kwenye makali safi, unapitisha mara chache zaidi, na chuma kinamomonyoka tena kwa sababu kulikuwa na kisima kingine ndani. Hapo unashuka tena. Hakuna dawa nyingine.

Ukishafika hapo, yaliyobaki ni mafupi. Badilisha utepe wa mgongoni kwa mpya, tabaka moja vile vile, ili pembe isibadilike. Jiwe namba 4000 linafuta mikwaruzo ya 1000, namba 8000 inafuta ya 4000, na kila unapopanda, mkono unapunguza uzito, mpaka mwisho wembe unateleza kwa uzito wake peke yake. Wapo wanaomalizia kwa namba 12000, na wapo wanaoapa kwa jiwe la asili la Vielsalm, huko Ubelgiji, la rangi ya njano, ambalo limejaa chembe ndogo za garneti na limenoa nyembe za Ulaya kwa vizazi vingi. Yote yanafaa. Halafu mkanda: kwanza upande wa kitambaa, kisha ngozi, mgongo ukitangulia, mkanda umevutwa, na kila mwisho wa mkanda wembe unageuzwa kwa mgongo wake.

Jambo moja la afya, na hili nalisema bila kulegea. Haya yote ni kwa wembe wa mtu mmoja, wa kunyolea ndevu zake mwenyewe. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na tone la damu lisiloonekana linatosha kuvihamisha. Vinyozi wetu walipoacha wembe wa kudumu na kushika wembe wa kubadilisha, unaotupwa baada ya kila mteja, walifanya jambo sahihi kabisa. Ukirithi wembe au kuununua mnadani, usafishe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla haujagusa ngozi yako, kisha uukaushe vizuri, usije ukapata kutu kwa sababu ya usafi.

Neno langu la mwisho ni kwa pande mbili. Fundi unayenoa, mweleze mteja bei ya jiwe la kwanza. Mwonyeshe pengo kwa kioo cha kukuzia kabla hujaanza, mwambie utaondoa chuma kiasi gani na kwa nini itachukua muda, kisha mtoze kwa kazi hiyo. Mng'aro wa mwisho ni sehemu ndogo tu ya jasho lako. Ukikubali malipo ya mng'aro peke yake, utajikuta unaruka sehemu iliyo ngumu.

Nawe mwenye wembe sandukuni, ufungue leo. Ufute, uukaushe, uupake tone la mafuta ya cherehani, kisha uyatazame makali yake chini ya taa. Ukiona ufa, uweke uwe kumbukumbu ya aliyekuachia. Ukiona pengo tu, mtafute fundi mwenye mawe, mlipe anachostahili, na mpe muda autengeneze.